Kupanga transista kwenye pedali ya fazi ya kujitengenezea, mwongozo kamili

Wakuu, kila anayeanza kujitengenezea pedali ya fazi (fuzz, kile kiboksi cha kukanyaga kinachochafua sauti ya gitaa la umeme) anauliza swali lilelile, niweke transista gani? Afu anaanza kuhangaika na namba fulani aliyosikia ilitumika kwenye pedali za zamani, anaagiza nje kwa hela nyingi, ikifika anaichomeka na sauti inatoka mbovu kuliko ya transista iliyonyofolewa kwenye redio ya taka. Msimamo wangu ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye transista haina sauti. Sauti iko kwenye geini yake (mara ngapi inakuza umeme), kwenye kiasi cha umeme inachovuja, na kwenye volti inayokaa pale kolekta, mmoja wa miguu yake mitatu, baada ya kuipanga. Vyote hivyo unavipima kwa mita ya kawaida ya fundi redio, na ukishajua kuvipima unaweza kujaribu mpangilio wowote bila kubahatisha.

Tutatumia sakiti ya Fuzz Face, ile pedali ya duara iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966 na Jimi Hendrix akaipa umaarufu. Za mwanzo zilikuwa na transista mbili za gemaniamu (malighafi ya transista za zamani), NKT275 au AC128, baadaye wakahamia silikoni kama BC108 na BC183. Nimeichagua kwa sababu ina vipande vichache mno na kila kimoja kinagusa kingine, kwahiyo ukibadilisha transista moja unasikia tofauti hapohapo. Na fazi sio kitu cha Wazungu peke yao, majirani zetu Zambia miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz zilijenga muziki mzima juu ya sauti hii.

Vitu vya kuwa navyo

Bredibodi (ubao wa kuchomeka vipande bila kulehemu), mita, betri ya volti 9 na kichwa chake, jeki mbili, na transista za silikoni za NPN (kolekta inapata chanya ya betri, PNP ni kinyume chake) za aina mbalimbali. Maduka ya spea za elektroniki Kariakoo Dar au Luthuli Avenue Nairobi huwa hayakosi BC547, C945, C1815, 2N3904 na S9014, chukua chache za kila aina maana hata za aina moja zinatofautiana geini. Rezista: 33k, 100k na 470 omu. Trima ya 10k (rezista ndogo ya kuzungusha), poteshomita (rezista ya kuzungusha yenye kitasa) ya 1k na nyingine ya 500k. Kapasita: 2.2µF, 22µF, 10nF na 100pF. Ukikosa 500k weka 250k au 1M, haitaharibu kitu.

Kabla hujachomeka chochote ijue miguu. Ukishika transista upande bapa ukikutazama na miguu ikiangalia chini, kuanzia kushoto BC547 ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 na S9014 ni emita, beisi, kolekta. C945 na C1815 ni emita, kolekta, beisi. Hapa ndo wengi wanapotea, wanachomoa BC547 wanaingiza C945 kwenye matundu yaleyale afu wanasema C945 ni mbaya. Na transista ukiigeuza kolekta na emita haifi wala hainyamazi, inafanya kazi kwa geini ndogo mno, unapata sauti dhaifu inayokukwangua masikio na unaweza kudhani ndo tabia yake.

Kuunga sakiti

1. Ncha ya jeki ya kuingilia iende kwenye 2.2µF, upande hasi wa kapasita uangalie jeki, upande chanya uingie beisi ya transista ya kwanza.
2. Emita ya transista ya kwanza iende ethi, yaani hasi ya betri.
3. Kolekta ya kwanza iende chanya ya betri kupitia 33k, na kutoka hapohapo kwenye kolekta waya uende moja kwa moja kwenye beisi ya transista ya pili.
4. Emita ya pili iende mguu mmoja wa pembeni wa poteshomita ya 1k, mguu wa pembeni wa pili uende ethi. Mguu wa kati upitie 22µF kwenda ethi, upande chanya ukiwa kwenye poteshomita. Hiki ndo kitasa cha fazi.
5. Rezista ya 100k itoke emita ya pili irudi kwenye beisi ya kwanza.
6. Kutoka chanya ya betri shuka na 470 omu, kisha trima ya 10k, kisha kolekta ya pili. Pale 470 inapokutana na trima toa 10nF, iingie mguu wa pembeni wa poteshomita ya 500k. Mguu wa pembeni mwingine ethi, mguu wa kati kwenye jeki ya kutokea.

Sauti haichukuliwi kwenye kolekta yenyewe, inachukuliwa juu kwenye makutano na 470, kwahiyo unapata kipande kidogo tu cha signali yote. Ndo maana za silikoni nyingine zinatoka na sauti ndogo. Ukiona hivo badilisha 470 iwe 1k halafu urekebishe trima upya.

Kupima kabla ya kupiga

Usichomeke gitaa kwanza. Weka waya mweusi wa mita kwenye ethi na mwekundu kwenye kolekta ya pili, zungusha trima mpaka usome kama volti 4.5. Halafu pima sehemu nyingine. Kolekta ya kwanza inatakiwa iwe volti 1.3 au 1.4 hivi, emita ya pili karibu 0.7.

Namba hizi zinatoka wapi? Beisi ya transista ya kwanza ya silikoni inakaa kama 0.6 juu ya emita yake. Ile 100k inaleta umeme kutoka emita ya pili kulisha hiyo beisi, kwahiyo emita ya pili lazima ikae juu kidogo ya 0.6. Na beisi ya pili, ambayo ndo kolekta ya kwanza, inakaa 0.6 nyingine juu ya hapo. Sasa angalia geini inavyoingia. Kwenye 33k panapita takriban milliampia 0.23. Transista ya kwanza ikiwa na geini 300 beisi yake inahitaji chini kidogo ya mikroampia 1, na kwenye 100k hiyo inaacha kama volti 0.08. Ikiwa na geini 100 inahitaji mikroampia 2.3, inaacha volti 0.23. Ina maana ukiweka transista ya geini ndogo mbele, emita ya pili inapanda kutoka 0.68 hadi 0.83, umeme wa transista ya pili unaongezeka, na kolekta yake inashuka bila wewe kugusa trima. Umebadilisha transista ya KWANZA lakini volti iliyohama ni ya ya PILI. Mtu asiyepima atasema transista ile ina sauti nzito, kumbe alichosikia ni kolekta ya pili kushuka. Kwahiyo kila ukibadilisha transista yoyote rudisha 4.5 kwanza ndo usikilize, vinginevyo hulinganishi chochote.

Namba zikigoma soma hivi. Kolekta ya pili iko karibu na 9, transista ya pili haipitishi umeme, angalia miguu yake. Kolekta ya kwanza imepanda kupita 2 na kolekta ya pili imeshuka hadi kukaribia emita yake, basi ya kwanza ndo imelala, imegeuzwa miguu au 100k haijakaa.

Mpangilio wa geini, nani mbele nani nyuma

Sasa chomeka gitaa. Piga noti moja ya kamba ya tatu iache ife yenyewe, halafu piga kodi (chord) ya noti mbili, halafu punguza volyumu ya gitaa mpaka 6 hivi upige tena. Hayo matatu fanya kwa kila mpangilio, na hilo la volyumu ya gitaa usilipuuze maana fazi nzuri ya aina hii ukipunguza kwenye gitaa inasafika, inakuwa karibu na sauti ya gitaa tupu yenye kung'aa.

Anza na geini ndogo mbele na kubwa nyuma. Kwa silikoni jaribu mbele kitu cha 100 hadi 200, kama 2N3904 au C1815 yenye herufi Y, nyuma weka ya 300 kwenda juu, BC547C au C1815 GR. Herufi za mwisho ndo zinazotaja daraja la geini: BC547A ni 110 hadi 220, B ni 200 hadi 450, C ni 420 hadi 800. C1815 O ni 70 hadi 140, Y 120 hadi 240, GR 200 hadi 400. Lakini hayo ni madaraja mapana, pima kila moja kwenye tundu la hFE (yaani geini) la mita yako, andika kwenye kikaratasi uibandike mguuni.

Afu geuza, kubwa mbele ndogo nyuma. Utasikia mchakacho umeongezeka hata kabla hujapiga, kwa sababu ya kwanza ndo inayokuza kila kitu pamoja na kelele zake, na noti inabanwa mapema zaidi. Kusafika kwa volyumu ya gitaa kunapungua. Kuna watu wanaipenda hivo kwa kupiga riff nzito na siwezi kuwabishia, ila kwa solo na kwa mtu anayetaka gitaa lijibu mkono, mimi nabaki na ndogo mbele.

Ukishapata pea unayoipenda ndo sasa uchezee trima kwa makusudi. Shusha kolekta ya pili mpaka 3, sauti inanenepa na kubanwa. Pandisha taratibu kuelekea 7 au 8, noti inaanza kukatika mwishoni kama karatasi inayochanwa, inatoka kwa nguvu halafu inazimika ghafla badala ya kufifia. Wengi wanaitafuta hiyo sauti kwa kununua transista za ajabuajabu na kumbe ni trima tu.

Gemaniamu

Hapa kuna utamu wake na shida zake. Kuzitambua ni rahisi, kwenye namba za Ulaya herufi ya kwanza A ni gemaniamu na B ni silikoni, C inayofuata ni ya sauti, kwahiyo AC128 ni gemaniamu ya sauti na BC547 ni silikoni ya sauti. OC71 na ndugu zake ni gemaniamu za mfumo wa zamani zaidi. Za Japani 2SA na 2SB ni PNP, 2SC na 2SD ni NPN, ile C945 jina lake kamili ni 2SC945. Ukipata redio ya transista ya miaka ya 1960 iliyokufa ifungue, pale karibu na transfoma ya spika mara nyingi kuna pea ya 2SB au AC. Unapoitoa bana mguu kwa koleo kati ya pasi ya kulehemu na mwili wa transista, gemaniamu haipendi joto.

Tatizo kubwa ni kuvuja. Gemaniamu inapitisha umeme hata beisi ikiwa hewani, na tundu la hFE la mita linahesabu uvujaji huo kama geini, kwahiyo usiliamini. Pima hivi kwa PNP: emita kwenye chanya ya betri, kolekta kwenye hasi kupitia rezista ya 2.2k na 270 omu zilizofuatana, ambazo zinakupa 2.47k. Pima volti juu ya rezista hizo beisi ikiwa hewani. Halafu unga beisi kwenye hasi kupitia 2.2M, pima tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 100, hiyo ndo geini ya kweli. Ukisoma 0.35 halafu 1.25, geini ni 90, japo usomaji wa pili peke yake ungekudanganya 125. Usomaji wa kwanza ukipita 0.5, yaani mikroampia 200 hivi zinavuja, usiiweke mbele. Na unapopima usiishike kwa vidole, joto la mkono tu linatosha kupandisha namba mbele ya macho yako, iachie ipoe usome.

Kwa pea ya gemaniamu tafuta 70 hadi 90 mbele na 100 hadi 130 nyuma. PNP zinataka betri igeuzwe, chanya ndo inakuwa ethi, na kila kapasita yenye alama inageuzwa pia. Pedali ya namna hiyo usiilishe kwa adapta moja na pedali zako nyingine, chanya ya hii itakutana na hasi ya zile kupitia kebo za gitaa na utapiga shoti. Ipe betri yake.

Na kwa sisi wa joto, uvujaji unapanda mara mbili hivi kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Pedali uliyoitegesha asubuhi Arusha ukaipeleka kupiga ukumbini Mombasa usiku haitakuwa ileile. Trima iwe nje ya boksi kama kitasa cha kawaida, acha kuifungia ndani.

Mchanganyiko wa silikoni na gemaniamu

Huu ndo naupenda kuliko yote. Silikoni mbele, gemaniamu nyuma, zote PNP (BC557 au 2N3906 mbele, AC128 nyuma) au zote NPN kama una AC127. Kwa nini silikoni mbele? Kwa sababu uvujaji wa transista ya mbele unakuzwa na ya pili, wa ya pili haukuzwi na mtu. Pia emita ya pili inabaki 0.7 hivi, trima yako ya 10k inafika 4.5 bila taabu. Ukigeuza, gemaniamu mbele, emita ya pili inashuka mpaka labda 0.2 au 0.3, umeme wa ya pili unakuwa mdogo, na itabidi uweke trima ya 25k au 50k ndo ufike katikati. Inawezekana, ila gemaniamu iwe kavu kweli, yaani isiyovuja. Mchanganyiko huu unakupa kingo laini za gemaniamu na pedali isiyohamahama sana kwa joto, afu gemaniamu iliyofeli mtihani wa kukaa mbele inapata kazi.

Transista zaidi ya mbili

Kuna wanaochomeka transista mbili sambamba mahali pa moja wakitegemea sauti nene. Hapo hupati kitu, umeme wote umepangwa na ile 33k, transista zinagawana tu kilekile. Ukiweka gemaniamu sambamba na silikoni, gemaniamu inabeba karibu wote kwa sababu inafunguka kwenye volti ndogo, silikoni inakaa pambo.

Mpangilio wa Darlington ni habari nyingine. Unga kolekta mbili pamoja, emita ya A iingie beisi ya B, halafu beisi ya A na emita ya B ndo zinakuwa beisi na emita za "transista" mpya. Geini zinazidishana. Ukiiweka mbele emita ya transista ya nyuma inapanda hadi 1.3 hivi, umeme unakaribia kuongezeka maradufu, kwahiyo trima itashuka mpaka karibu 3k ndo upate 4.5. Noti inadumu mno, lakini mchakacho na miluzi vipo. Weka 100 omu kati ya emita ya mbele na ethi, ukali unapungua waziwazi.

Njia ya tatu ni kuongeza hatua nzima mbele, ilivyo Tone Bender MkII, pedali ya fazi ya London yenye gemaniamu tatu. Kwa silikoni: emita ethi, 10k kutoka kolekta hadi chanya, 1M kutoka kolekta hadi beisi, 100nF ya kuingilia. Kwa geini 100 kolekta itakaa kama 4.8, kwa 200 itashuka mpaka 3.4, ndo maana hapa geini ndogo inafaa zaidi. Kutoka kolekta toa kapasita ya 100nF, pitisha kwenye poteshomita ya 50k, mguu wa kati uingie kwenye 2.2µF ya fazi. Hiyo 50k inafanya kazi ya volyumu ya gitaa, maana gitaa lenyewe sasa limetenganishwa na fazi na halitaisafisha kama zamani. Kwa sababu hiyohiyo usiweke pedali yenye bafa (sakiti inayotenganisha gitaa na kinachofuata) kabla ya Fuzz Face, weka fazi iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa.

Kutuliza na kufunga

Silikoni za geini kubwa zinadaka redio, unasikia kabisa mtangazaji anaongea kwenye amplifaya. Weka 100pF kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza, ukiona haitoshi panda hadi 470pF, lakini sikiliza usije ukaua makali ya juu. Boksi liwe la chuma au alumini na liunganishwe ethi.

Unapohamia kwenye ubao wa kulehemu weka soketi kwenye nafasi za transista, usizilehemu moja kwa moja. Andika volti za kolekta zote mbili na ya emita ya pili kwenye karatasi, ibandike ndani ya kifuniko, siku pedali ikibadilika sauti unafungua, unapima, unajua nani kahama. Jeki ya kuingilia itumie ya stirio, hasi ya betri iende kwenye mguu wa pete ili pedali iwake pale tu kebo inapochomekwa. Sakiti nzima inakula karibu milliampia 1, kwahiyo hata ukisahau kebo usiku mmoja betri bado utaikuta.